Kodi ya Kibanda, Kodi ya Bati

Tulipoanza kumjengea mama nyumba, kaka yangu aliye Uingereza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika tano zilikuwa za kunikumbusha kwamba niliacha chuo, kwa hivyo nina muda wa kusimamia mafundi. Ya sita ndiyo ilikuwa na maana: "Omera, weka risiti zote. Hata ya misumari. Mjengo ukiisha tunaclaim kodi yetu."

Nikaziweka. Nilichukua mkebe mtupu wa Kasuku na kila nilipotoka hadiwea, iwe Ndhiwa, Rongo au Migori mjini, nilitupia karatasi humo. Simiti, mabati, vyuma, rangi, vigae. Baada ya miezi kumi na moja nilikaa chini na kalkuleta. Risiti zenye VAT zilifika shilingi 580,000. Ukigawa kwa 116 ukazidisha kwa 16, unapata 80,000. Elfu themanini, jamani. Plasta ya ndani ilikuwa haijapigwa, na mama alikuwa bado analala jikoni kwa jirani.

Halafu nikaanza kuuliza ofisi gani inarudisha. Jibu lilikuwa fupi: hakuna.

Kaka hakuwa ananidanganya. Kule anakoishi, mtu anayejijengea nyumba mpya ya kukaa mwenyewe hukusanya risiti zake, akimaliza hujaza fomu ndani ya muda uliowekwa, na serikali humrudishia VAT aliyolipa kwenye vifaa, hata vile alivyoagiza kutoka nje. Sababu yao ni rahisi. Kampuni ikijenga nyumba mpya, VAT yake ni sifuri, kwa hivyo wakaona si haki anayejenga kwa mikono yake alipe zaidi ya anayenunua nyumba iliyokamilika.

Kwetu sheria inaenda hivi. VAT uliyolipa unaweza kuidai tu kama umesajiliwa kwa VAT na vifaa hivyo unavitumia kuuza bidhaa au huduma inayotozwa VAT. Usajili unakuwa lazima biashara ikifikisha mauzo ya shilingi milioni tano kwa mwaka. Mama yangu anauza omena. Na hata angekuwa na mamilioni, nyumba ya kuishi imesamehewa VAT inapouzwa au kukodishwa. Hiyo inasikika kama zawadi mpaka uelewe kwamba kwa kuwa nyumba haitozwi, aliyeijenga hana pa kukatia VAT ya simiti yake. Kodi inaingia ukutani na kukaushwa humo pamoja na zege.

Mambo yangeishia hapo, nikalalamika kwenye statasi na kulala. Lakini siku tuliyobomoa nyumba ya zamani, fundi alikuta juu ya ukuta, chini ya dari, mkebe mwingine. Wa bati, wenye kutu. Ndani mlikuwa na karatasi za babu. Nyingi zilikuwa stakabadhi za kodi. Alikuwa amezificha kama watu wanavyoficha hati za shamba.

Nikamuuliza mama kwa nini mtu ahifadhi risiti za kodi miaka yote hiyo. Akacheka. "Ungekutana na askari bila hiyo karatasi ungejua." Kwa Dholuo kodi inaitwa osuru. Ni neno ushuru lililopanda kutoka pwani likafika ziwani. Hata jina la kitu hicho ni la kuagiza.

Hapa kwetu, kodi ya kwanza ya serikali ilianzia nyumbani hasa. Mpaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa la Uganda, na ndipo likahamishiwa himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ambako kanuni za kodi ya kibanda zilikuwa zimetolewa mwaka mmoja kabla. Maofisa waliweka kituo Karungu, pale ufukweni, Migori ya leo, kabla ya makao kuhamishiwa Kisii. Kazi yao ilikuwa rahisi kueleza: hesabu vibanda, toza rupia.

Sasa fikiria dala ya Mjaluo. Kila mke ana nyumba yake, na haiwezekani iwe vingine. Mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, mjini mwake mwenyewe, ndani ya boma moja. Kwa karani wa kodi hizo ni rupia mara tatu. Kitu kilichokuwa heshima kikawa deni. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa ili wanaume wasio na kibanda nao wasiponyoke. Pesa ya kulipa haikuota shambani, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilibidi vijana waende kuitafuta kwenye reli, bandarini na mashamba ya wazungu. Wengi wetu tuna jamaa waliozaliwa Kericho au Mombasa na huwa hatuulizi safari hiyo ilianzaje.

Watu hawakunyamaza. Desemba 1921 umati ulikutana Lundha, kule Gem, chini ya vijana waliosoma Maseno, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Mkutano ule unakumbukwa kwa jina Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walitaka mengi: kipande kiondoke, kambi za kazi zifungwe, kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe. Mwaka uliofuata kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 chama chao, kikiwa sasa chini ya Shemasi Mkuu (Archdeacon) Owen wa Kanisa la Anglikana, kilibadilishwa jina kikawa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Mimi jina hilo ninalipenda kuliko wanavyolipenda wanahistoria, ambao husema Owen alikipoza chama. Huenda alikipoza. Lakini watu walisimama wakajiita walipa kodi, si raia wa kuombea huruma, kwa maana ya kwamba tumelipa, sasa tuongee.

Wangeweza kusimama hivyo kwa sababu kodi ile ilikuwa na uso. Ilikuwa na karani, siku, kiasi na karatasi. Ulijua umetozwa.

Baada ya uhuru kodi ya mtu binafsi iliendelea kwa sura nyingine, na stakabadhi nyingi za babu ni za wakati huo. Kisha mwaka 1973 serikali ya Kenya ikaleta kodi ya mauzo, na kodi ile ya kichwa ikafutwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini. Mwaka huo huo wa 1973, Uingereza nayo ilianza VAT. Yaani nchi mbili zilihamia kwenye kodi ya dukani karibu pamoja, na moja ilikumbuka kuweka mlango kwa anayejenga kwake. Kenya ilibadilisha kodi ya mauzo kuwa VAT mwaka 1990. Karani wa Karungu hakustaafu. Alihamia ndani ya bei ya bati.

Ninaposema "kuagiza" usifikirie kontena pekee. Kwetu nje ya nchi ni matatu moja hadi Isebania. Ng'ambo ya mpaka ni Sirare, na bei ya simiti au vigae ikishuka upande mmoja, upande wa pili unajua kabla ya jioni. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na bidhaa iliyotengenezwa Tanzania ikiwa na cheti cha asili haitozwi ushuru wa forodha. Wengi husikia hapo wakadhani ni bure. VAT ya 16 kwa mia inakungoja pale pale, kwa sababu VAT hulipwa bidhaa inapoingia nchi itakakotumika. Ndiyo maana kuna njia za panya. Sizisifu, ila ninaelewa kwa nini mtu mwenye mifuko kumi ya simiti hajioni mhalifu.

Kaka alijaribu njia nyingine. Alisema atarudi kama mkazi anayehamia nyumbani, alete kila kitu kwa kontena bila ushuru. Ni kweli sheria ya forodha ya jumuiya inamsamehe anayerejea kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akitumia. Kochi alilokalia, sawa. Boksi themanini za vigae ambavyo havijawahi kukanyagwa, hapana.

Kinachoniuma si kulipa. Barabara ya kwetu nimeiona ikiwekwa lami. Kinachoniuma ni kwamba sheria zetu zimewahi kusamehe vifaa vya miradi mikubwa ya nyumba nafuu iliyoidhinishwa na waziri. Kwa hiyo wazo la kuondoa kodi kwenye ukuta wa maskini lipo, limeandikwa. Lakini limeandikiwa mjenzi mkubwa. Ilhali vijijini Homa Bay na Migori hakuna anayekabidhiwa funguo na kampuni. Mtu hununua mabati matano mwaka huu, saba mwaka ujao, akayaweka chini ya kitanda. Nyumba nafuu ndiyo hiyo.

Nilimwambia kaka matokeo. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama nimetupa risiti. Sijatupa. Nimeziweka kwenye mkebe mmoja na za babu, na fundi ameuacha mahali pale pale, juu ya ukuta. Mama alihamia Agosti. Chumba cha nyuma bado hakina dari, kwa hivyo ukilala chali unauona.