Shule za mkataba, utii na uongozi

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya sana Watanzania wanaohamia hapa St. Paul, Minnesota: shule ya serikali ambayo si ya serikali. Mgeni anaona hakuna ada, anaona basi la njano linapita kuchukua watoto, lakini akiuliza mwalimu mkuu anawajibika kwa nani anaambiwa shule ina bodi yake. Hizo ndizo shule za mkataba. Wenyewe wanaziita charter (msichanganye na chata ya kwenye fulana). Zilianzia hapa hapa St. Paul, kwa hiyo leo naomba niwape historia yake, maana ndani yake kuna jambo linaloninyima usingizi kama mzazi.

Kwanza zinavyofanya kazi. Kikundi cha walimu, wazazi au shirika fulani kinaandika mpango wa shule na kuupeleka kwenye chombo chenye mamlaka ya kuidhinisha. Chombo hicho chaweza kuwa bodi ya elimu ya wilaya, chuo kikuu au shirika, inategemea jimbo. Wakikubaliana wanatiliana saini mkataba wa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu au mitano. Shule inapewa uhuru wa ratiba, wa kuajiri na wa namna ya kufundisha, kwa sharti kwamba italeta matokeo. Isipoleta, mkataba haurefushwi na geti linafungwa. Fedha ya umma inamfuata mwanafunzi. Waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu, hakuna kuchagua wenye akili tu. Wakenya watakumbuka shule za harambee: wananchi wanachanga, wanajenga, kisha wanangoja serikali ilete walimu. Hapa ni kinyume chake, serikali inatoa hela na wananchi wanatoa wazo.

Wazo lenyewe la mkataba lilitoka kwa Ray Budde, mhadhiri wa elimu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliyeanza kulisema miaka ya 1970. Alitaka walimu wapewe hati moja kwa moja na bodi ya wilaya, kama zamani nahodha alivyopewa hati ya safari: nenda, tafuta, rudi utupe taarifa. Watu hawakumsikia sana. Aliyeipa sauti hoja hiyo ni Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha AFT, kwenye hotuba yake mjini Washington tarehe 31 Machi 1988. Naam, kiongozi wa chama cha wafanyakazi! Leo vyama vya walimu na shule hizi ni paka na panya, lakini mkunga wao alikuwa mwana chama.

Shanker alitoa mfano ambao mimi naupenda kuliko yote yaliyofuata. Mwaka 1987 alitembelea shule ya Holweide, katika mji wa Cologne, Ujerumani. Aliwakuta watoto wa Kijerumani na watoto wa wahamiaji wa Kituruki wamekaa meza moja, wepesi na wazito pamoja, wakisaidiana. Timu ileile ya walimu ilikaa na watoto walewale miaka sita, tangu darasa la tano hadi la kumi, na walimu wenyewe waliamua nani afundishe nini na saa ngapi. Hebu fikiria. Mwalimu aliyekaa na mwanao miaka sita anajua kwamba baba yake anafanya kazi usiku, anajua akikasirika hukaa kimya siku mbili, anajua ni lini alianza kudanganya na kwa nini. Huyo hahitaji fomu ya kumweleza tabia ya mtoto.

Oktoba 1988 Shanker alikuja Minnesota kuzungumza kwenye semina, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo seneta wa jimbo, Ember Reichgott. Yule mama alilishika wazo na hakuliachia. Mwaka 1991 sheria ilipita na gavana Arne Carlson akaitia saini, ya kwanza Marekani nzima. Ilikuwa sheria ya woga: shule zisizidi 8 jimbo zima, na kwenye bodi walimu wawe ndio wengi. Septemba 1992 ikafunguliwa ya kwanza, City Academy, upande wa mashariki wa mji huu. Haikuanza na watoto wenye alama za juu. Ilianza na vijana walioacha shule, wale ambao kila mtu alikuwa ameshawakatia tamaa.

Shanker hakufurahia ilikoishia. Alipofariki mwaka 1997 alikuwa amekwisha kuzipinga, kwa sababu aliona makampuni yameingia na walimu wamesukumwa pembeni. Lakini gari lilikuwa limeshashika mteremko. Mwaka 2021 shule hizi zilikuwa zimekaribia 8,000, zikiwa na wanafunzi milioni 3.7.

Sasa nije kwenye tabia. Mwaka 1994 vijana wawili walimu, Mike Feinberg na Dave Levin, walianzisha programu ya KIPP mjini Houston, na mwaka uliofuata Levin akaipeleka Bronx, New York. Siku ya shule ikawa ndefu mpaka jioni, na Jumamosi nyingine darasani. Mtoto alifundishwa kukaa wima, kusikiliza, kuuliza na kujibu, kutikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na kumfuata kwa macho yeyote anayezungumza. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: fanya kazi kwa bidii, kuwa mwema. Alama zikapanda, watoto wa familia maskini wakawa wanaingia sekondari nzuri, na magazeti yakaimba.

Halafu vijana wale wakafika chuo kikuu, na huko hakuna mtu wa kukuambia ukae wima. Mwaka 2011 KIPP wenyewe walitoa takwimu, na nawapa heshima kwa kutozificha: katika wanafunzi wao wa mwanzo kabisa, asilimia 33 ndio waliomaliza chuo cha miaka minne. Kwa watoto wa familia maskini Marekani, ambao wakati huo walikuwa kama 8 katika 100, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini lengo lao lilikuwa 75. Levin alipochunguza akaona kwamba waliofika mwisho si lazima wawe wale waliokuwa na alama za juu. Walikuwa wale wenye kuvumilia, wenye kuomba msaada, wenye kuanguka Jumatatu na kuamka Jumanne.

Akaenda kwa wanasaikolojia, Martin Seligman, Christopher Peterson na Angela Duckworth. Kwenye shule za KIPP za New York ikazaliwa ripoti ya tabia, yenye mambo saba: uchangamfu, ustahimilivu, kujizuia, matumaini, shukrani, kuelewana na watu, na udadisi. Kila mwalimu alimpa mtoto alama.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Sisi tuliosoma Tanzania tulikuwa nayo! Mnaikumbuka ile ripoti ya mwisho wa muhula, sehemu ya tabia na mwenendo? Bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, uaminifu, uongozi, utii. Uongozi na utii kwenye orodha moja, na mwalimu anajaza A, B, C usiku mmoja kwa watoto mia na zaidi. Kwetu kiongozi alikuwa kiranja, na kazi kubwa ya kiranja ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Aliyepata A ya utii ndiye aliyeteuliwa kiranja. Wangapi kati ya viranja wale walikuja kuongoza kitu chochote, mtanijibu nyinyi.

Duckworth mwenyewe aliona hatari hiyo. Mwaka 2015 yeye na mwenzake David Yeager waliandika kwamba vipimo hivi havijakomaa kiasi cha kuhukumia shule, na 2016 akarudia gazetini. Na Julai 2020 KIPP waliifuta kaulimbiu yao, wakieleza kwamba ilithamini utiifu na unyenyekevu, na kwamba haikuendana na ndoto yao ya wanafunzi walio huru. Miaka zaidi ya 20 ya kufundisha wema, halafu wakajiuliza: wema kwa nani?

Hapo ndipo panaponigusa. Kijana wetu anamaliza darasa la tano, na mama watoto ameshachagua shule ya mkataba yenye sare, masomo mpaka jioni na nidhamu karibu ya JKT. Simlaumu. Mtoto mweusi katika nchi hii akikosea kidogo hulipa kikubwa, na shule inayomshika mkono mpaka saa kumi na moja si kitu cha kudharau. Takwimu nazo zina pande mbili. Chuo Kikuu cha Stanford kilipozilinganisha na shule za kawaida mwaka 2009, asilimia 17 zilifanya vizuri zaidi katika hesabu na 37 vibaya zaidi. Waliporudia mwaka 2023 wastani ulikuwa umezigeukia shule za mkataba, ingawa kwa kiasi kidogo.

Ila mimi bado niko Cologne na ile meza. Katika miji yetu hii pacha shule nyingi za mkataba zimekuwa za jamii moja moja, Wahmong kwao, Wasomali kwao. Naelewa faraja yake, lakini Shanker alianza na watoto waliochanganyika. Na walimu wa shule hizi huhama zaidi kuliko wa shule za kawaida. Nimemwambia mama watoto sare nimekubali, na saa kumi na moja nimekubali. Tukienda kuitembelea shule yenyewe nitauliza kitu kimoja tu: mwalimu wenu aliyekaa hapa muda mrefu kuliko wote ana miaka mingapi, na naomba niongee naye.