Kolwezi 1978: kobalti ilipanda bei, wakaaji walikimbia

Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, wakaaji wa Kolwezi waliamshwa na milio ya risasi. Wapiganaji wa FNLC, chini ya Nathaniel Mbumba, walikuwa wametoka Angola, wakapita kwenye ardhi ya Zambia na kuingia mjini. Wengi wao walikuwa jandarme wa zamani wa Katanga, au watoto wao. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla, mnamo Machi 1977, walikwisha kuingia jimboni, na vita ile ilifanya familia nyingi zivuke mpaka kwenda kuishi ukimbizini Angola.

Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka mjini, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Kwa siku chache, wazungu zaidi ya 2,000 walipandishwa ndege na kuondolewa. Wakaaji weusi walibaki na maiti wao, mamia ya watu. Wengine walilala porini, kwa sababu waliogopa wapiganaji, na kisha waliogopa pia askari wa serikali waliorudi.

Lakini habari iliyotikisa viwanda vya Ulaya na Marekani ilikuwa nyingine. Zaire peke yake ilitoa karibu nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa ilitengenezwa Luilu, kando ya Kolwezi. Bila kobalti, mashini za ndege za jeti hazivumilii moto mkali. Sumaku za vipaza sauti vya redio nazo ziliihitaji. Tena kobalti haichimbwi peke yake huko: inatoka pamoja na shaba, basi shaba ikisimama, nayo inasimama.

Njia za kuitoa zilikuwa mbaya tayari. Reli ya Benguela, inayokwenda bahari ya Angola, ilifungwa na vita tangu 1975. Baada ya shambulio la Kolwezi, kobalti ilianza kubebwa kwa ndege mpaka Ulaya. Mwanzoni mwa 1978, ratili moja, karibu nusu kilo, iliuzwa chini ya dola 7. Mwanzoni mwa 1979 bei rasmi ilikuwa dola 25, na wachuuzi wengine waliuza kwa zaidi ya 40.

Ajabu ni hii: kwa hesabu ya mwaka mzima wa 1978, uzalishaji wa Zaire haukushuka, hata uliongezeka kuliko 1977. Kilichopandisha bei kilikuwa hasa woga. Wenye viwanda walinunua na kuficha akiba, wakijiuliza kama mwaka unaofuata Kolwezi itakuwa bado inafanya kazi.

Halafu wakatafuta namna ya kujitoa. Watengenezaji wa vipaza sauti waliacha sumaku za kobalti, wakachukua zile za feriti, ambazo asili yake ni chuma, na hawakurudi tena. Watengenezaji wa mashini za ndege walipunguza kobalti na kuongeza nikeli. Mnamo 1982 wachuuzi waliiuza chini ya dola 10. Zaire ilikuwa imepata faida ya muda mfupi na kupoteza wateja wa siku nyingi. Gharama hiyo haisemwi sana.

Miaka kumi na kitu baadaye, Gécamines ilianguka bila mvamizi yeyote kutoka nje. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 kukawa na uporaji. Kisha, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi wa migodi na wajukuu wa wafanyakazi, walifukuzwa nyumbani mwao. Familia zilikaa majuma, hata miezi, kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingojea mabehewa, na wengi wakafa hapo hapo au njiani. Shaba, iliyozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya 50,000 mwaka 1994. Kobalti ikashuka nayo, na bei ikapanda tena.

Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na safari hii ni ya betri za simu na magari. Mnamo Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje, na bei ikaruka. Huko ng'ambo wataalamu waliandika tena juu ya hatari ya kutegemea inchi moja. Wajukuu wa wale waliongojea treni Likasi, wengine bado wako Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu.