Gari Kuukuu na Mkono wa Fundi: Historia Fupi kwa Wapenda Magari wa Kanda ya Ziwa

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti letu la mkutano wa mwaka huu, bila shaka alitaraji nieleze habari za waalimu wetu wa zamani au za mabweni. Mambo hayo wenzangu watayaeleza vizuri kuliko mimi. Nimechagua jambo ambalo wanafunzi wa sasa huniuliza kila nifikapo shuleni, nalo ni hili: je, mtu mwenye akili timamu aweza kununua gari la zamani la spoti, akalitengeneza na kuliongezea nguvu, asiitwe mpumbavu? Wazazi wao huwaambia kuwa huko ni kutupa fedha ziwani. Mimi naona jibu limo katika historia, na historia hiyo ni yetu sisi watu wa Afrika Mashariki.

Mashindano ya Safari

Mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, yalifanyika mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari, kwa kuwa waanzilishi wake walitaka kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na sisi wananchi tukayaita Safari tu, kana kwamba hapakuwa na safari nyingine duniani.

Jambo la kuangaliwa na kila kijana ni kwamba hapo mwanzo magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei yake dukani. Aliyenunua gari la bei ndogo alishindana na mwenzake wa bei ndogo. Gari lenyewe lilikuwa lile lile ambalo mwalimu, mkulima au karani mkuu angeliendea kazini. Ndiyo maana katika mwaka ule wa kwanza aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa Alan Dix katika Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, na gari la aina hiyo hiyo likashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962.

Safari haikuwa mashindano ya uwanjani. Magari yalikwenda maelfu ya kilometa usiku na mchana, msimu wa masika, katika vumbi, tope na mito iliyofurika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 nako yakamaliza 7 tu. Kwa hiyo aliyeshinda hakuwa yule mwenye mbio peke yake. Alikuwa yule ambaye gari lake lilikuwa bado gari siku ya mwisho.

Volvo iliyokwisha kutumika

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake ya aina ya PV544 katika Safari, pamoja na madereva wake mahiri. Hayakufanikiwa. Baada ya mashindano kiwanda hakikuona faida ya kuyarudisha Ulaya, yakaachwa Nairobi yauzwe. Yalikuwa magari yaliyopigika, na umbo lake lilikuwa la kizamani hata kwa wakati ule, maana mchoro wake ulitokana na gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944.

Moja kati ya magari hayo lilichukuliwa na Joginder Singh. Bwana huyu alizaliwa Kericho, upande wa Kenya wa nchi hizi za ziwa, mwaka 1932. Alikuwa wa jamii ya Singasinga, watu ambao kwa miaka mingi walijulikana kwetu kwa ufundi wa reli, wa mbao na wa magari. Yeye hakuwa tajiri wa kuchezea magari. Alikuwa fundi makenika kabla hajawa dereva maarufu. Alilifungua gari lile, akalichunguza, akalitayarisha upya pamoja na nduguye Jaswant.

Siku ya Safari ya mwaka 1965 gari lao lilipewa namba 1, basi wakatangulia mbele wasile vumbi la mtu. Ndugu wawili hao wakashinda. Gari ambalo wenye kiwanda walishindwa kulimalizia safari likiwa jipya, fundi wa Kericho alilimalizia likiwa kuukuu. Na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kikaacha kabisa kutengeneza aina ile ya PV544. Huenda hakuna gari lililoagwa kwa heshima kubwa kuliko hiyo.

Wapo watakaosema ile ilikuwa bahati. Bahati haiji mara nyingi kwa mtu mmoja. Joginder Singh alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili katika Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Hesabu hiyo yapaswa kuandikwa ukutani katika kila gereji. Watu walimwita Simba wa Kenya, na alipofariki London mwaka 2013 waliomlilia walikuwa wa kila rangi.

Peugeot 404 na Mtanzania wa kazi

Upande wetu wa Tanzania nao haukuwa nyuma. Mwaka 1966 na mwaka 1967 Safari ilishindwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404. Aina hiyo ilikwisha kushinda mwaka 1963 kwa mkono wa Nick Nowicki, na Nowicki akashinda nayo tena mwaka 1968. Mara nne katika miaka sita.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa Peugeot 404 ni nini. Ilianza kutengenezwa mwaka 1960. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande, na springi zake ni ndefu na laini, hata gari likanyage mashimo kama ngamia akanyagavyo mchanga. Pikapu yake ilibeba abiria, samaki, pamba na maiti. Iliunganishwa Kenya hata baada ya Ufaransa kuachana nayo. Hivyo gari lililoshinda mbele ya dunia nzima ndilo hilo hilo lililompeleka mama sokoni. Hapa ndipo tuliposhika mapenzi ya magari.

Baadaye mambo yalibadilika. Datsun 240Z, gari la spoti halisi lenye milango miwili, lilishinda mwaka 1971 na mwaka 1973. Ushindi wa mwaka 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye mwaka mmoja kabla jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Mwaka 1974 Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Jina la Afrika Mashariki likaondoka katika mashindano na katika mambo mengine mengi.

Miaka ya dhiki

Kwetu Mwanza miaka iliyofuata ilikuwa shule ya pili kwa mafundi. Fedha za kigeni zilikuwa haba, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, na gari jipya lilipatikana kwa kibali tu kupitia shirika la umma. Petroli nayo ilipimwa, hata ukawapo wakati magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje, mwenye gari hakuwa na njia ila kulitunza alilo nalo.

Ndipo ulipoonekana ufundi. Bushi zilikatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Gasketi zilichongwa kwa mkono. Vyuma vilikerezwa na watu waliojifunzia kazi hiyo katika karakana za reli na meli, katika vinu vya kuchambua pamba na katika kiwanda cha nguo cha Mwatex. Mafundi wale walifanya kwa lazima yale ambayo Joginder aliyafanya kwa mashindano: walichukua gari ambalo mwenye kiwanda amekwisha kulisahau, wakalifanya liende. Majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wengi wamekwisha kufariki, na waliobaki macho yamefifia.

Mafunzo kwa mnunuzi wa leo

Kijana anayetaka kununua gari la spoti la zamani leo, liwe Datsun, Escort, Celica au Lancer, na ayasikilize haya.

Kwanza, atazame bodi na chasisi kabla ya injini. Injini hufunguliwa ikafungwa, lakini bodi iliyoliwa na kutu ni kaburi la fedha. Gari lililoishi pwani limekula chumvi ya bahari. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Mwanza, Musoma au Bukoba mara nyingi lina afya zaidi chini ya sakafu. Lala chali uangalie mwenyewe, usiridhike na rangi.

Pili, akumbuke kwamba ziwa letu liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyokuwa na taabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam huku kwetu hunywa petroli kupita kiasi, plagi zikajaa masizi. Wengi hukimbilia kununua injini kubwa wakati dawa ni kupima upya kabureta.

Tatu, nguvu iongezwe mwisho. Hapana budi kuanza na breki, kisha rejeta na mabomba ya maji, kisha shokamzoba, springi na bamba la chuma la kukinga injini kwa chini. Barabara kuu zetu sasa zina lami, lakini ukiiacha lami ukaingia mbuga za udongo mweusi za Usukuma wakati wa mvua, utajua kwa nini magari 7 tu yalirudi. Aliyeongeza mwendo kabla ya breki amenunua jeneza la bei ghali, na mara nyingi hafi peke yake.

Nne, ahesabu fedha kwa ukamilifu. Gari linaloagizwa nje likiwa limezidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada nchini Tanzania, na Kenya haliruhusiwi kabisa likizidi miaka 8. Kwa hiyo gari la zamani lililokwisha kuwamo nchini, lenye hati safi, lina thamani kuliko linavyoonekana kwa macho. Aidha bei ya kununua ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni spea na fundi.

Tano, na hili ndilo kubwa, atafute fundi mzee kabla ya kutafuta gari. Gari za siku hizi hupimwa kwa kompyuta. Kabureta mbili zilizofungwa pamoja hupimwa kwa sikio, na sikio hilo haliuzwi dukani.

Thamani iliyobaki

Kwamba magari ya kale yana heshima yake, dunia imekwisha kukubali. Tangu mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo yameleta tena Tanzania zile Datsun, Escort na Porsche. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1977, alishinda hii ya magari ya zamani mwaka 2007 na mwaka 2011. Wageni hulipa fedha nyingi kuja kuendesha hapa magari ambayo sisi tunayauza kwa kilo kama chuma chakavu.

Basi hasara ninayoiogopa si ya yule kijana atakayetumia akiba yake kwa Datsun kuukuu. Yeye akiwa mvumilivu atapata gari, na juu yake atapata elimu. Ninayoiogopa ni ile ya siku ambayo gari litakuwapo, fedha zitakuwapo, na hapatakuwa na mtu Mwanza nzima ajuaye kulifungua na kulifunga.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa ndugu zangu wa zamani. Mwenye vitabu vya mafundi vya magari hayo, avilete maktaba ya shule badala ya kuviachia mchwa. Na mwenye kumfahamu fundi mzee, amchukue mwanafunzi mmoja wakati wa likizo ampeleke kwake akashike spana, na jina la fundi huyo liandikwe. Nanyi wanafunzi, mkienda msiende na mikono mitupu ya maneno. Nendeni na daftari, mkaulize, mkaandike, mkachafuke mikono. Mti hukatwa kwa shoka, lakini shoka lenyewe lataka mpini.