Tezi ya boti ya faiba ikilegea, usizibe juu juu

Wengi wetu huamini kuwa boti ya faiba haiozi. Faiba yenyewe kweli haiozi. Lakini kwenye boti nyingi za zamani, ukuta wa tezi unaobeba mashine una plaiwudi katikati ya magamba mawili ya faiba. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, plaiwudi huoza ndani huku nje kukiwa kuzima. Mwisho wake mashine inaweza kung'oka na ukuta wake, watu wakiwa baharini.

Kupima ni rahisi. Inua mashine, shika guu lake, ulisukume juu na chini huku mwenzako akitazama ukuta. Ukinesa, au ukiwa na nyufa pembeni, shuku uozo. Gonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kavu, palipooza sauti hufifia. Kisha toboa tundu dogo kwa ndani. Unga ukitoka mweusi na majimaji, boti isishuke majini.

Wako mafundi wanaoongeza tabaka za faiba juu ya ubovu. Mimi napinga. Kufanya hivyo ni kufungia maji ndani, na bolti zitabaki zimeshika mbao iliyooza.

Dawa ni kufungua. Toa mashine, kata gamba la ndani, acha la nje libaki kama kalibu. Chokoa mbao yote iliyooza hadi faiba kavu, upige msasa. Vaa barakoa na glavu. Kata plaiwudi ya majini, vipande viwili vya milimita 18, uvigandishe kwa epoksi na kuvibana mpaka vikauke. Boti nyingi huhitaji unene wa milimita 38 hivi. Fuata unene wa awali. Epoksi hushika faiba kuukuu kuliko rezini ya kawaida, ila kwa joto letu hukauka upesi, kwa hivyo changanya kidogo kidogo. Funika kwa kitambaa cha faiba kilichofumwa, ukipandishe hadi ubavuni na sakafuni.

Matundu ndiyo siri. Toboa makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi nzito, ikikauka toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hapo maji hayaigusi mbao.

Kazi hii yataka ukavu, basi ifanyeni wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika. Na kila boti ikipandishwa pwani, gongeni tezi.