Ziwa Moja, Majibu Mawili

Agosti 1995 jarida la Lancet lilichapisha habari kutoka Mwanza ambayo wapambanaji wa UKIMWI walikuwa wameingojea kwa muda mrefu. Jamii 12 zilikuwa zimepangwa jozi jozi: za visiwani kwa za visiwani, za mwambaoni kwa za mwambaoni, za kando ya barabara vivyo hivyo. Katika kila jozi, jamii moja ilipata wahudumu wa afya waliofundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zisizokatika. Nyingine ilisubiri zamu yake. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliohudumiwa, 1.9 kwa waliosubiri. Tibu kisonono, VVU vikose mlango.

Kisha ikaja Rakai, ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda. Huko, katika baadhi ya jamii, watu waligawiwa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, wenye dalili na wasio nazo. Matokeo yalitoka 1999. Kaswende ilipungua, VVU havikutikisika: maambukizi mapya 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, waliopewa dawa hizo na wasiopewa.

Ziwa ni lile lile. Nani alikosea?

Huwezi kuirudisha Rakai ya 1994 ukaipa janga changa la Mwanza uone itakuwaje. Kwenye kompyuta unaweza. Programu ya STDSIM, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Erasmus, Rotterdam, haihesabu jamii kwa wastani. Inafuatilia watu wa kubuni mmoja mmoja. Anazaliwa, anabalehe, anapata mwenzi, anaachwa, anaambukizwa au anaponea chupuchupu, anakwenda zahanati au anabaki nyumbani na aibu yake. Watafiti wa London na Rotterdam wakazijenga Mwanza na Rakai humo, na 2004 wakatoa jibu: tofauti za jamii zenyewe zinatosha kueleza sehemu kubwa ya mgongano. Rakai, karibu watu wazima 16 katika 100 walikuwa tayari na VVU; Mwanza ni kama wanne. Waganda walikwisha kubadili mienendo, magonjwa ya zinaa yanayotibika yakapungua, hivyo dawa ilikuta kazi ndogo ya kufanya. Mwanza ilikuwa mapema zaidi katika janga.

Nisisitize jambo: watu wale wa kubuni wasingekuwa na lolote la kusema kama watu 12,537 wa Mwanza wasingekubali kupimwa na kujibu maswali ambayo hujibiwi hata na rafiki.

Kasoro ya ulimwengu wa kubuni wa namna hii ni kwamba unaendeshwa kwa bahati nasibu. Uendeshe leo, mvuvi fulani anaambukizwa. Uendeshe tena, haambukizwi. Kwa hiyo hauendeshwi mara moja, bali mamia ya mara, na kila unapobadili namba moja unaanza upya. Kompyuta moja huelemewa. Bahati nzuri mizunguko hiyo haitegemeani, kwa hiyo kila kompyuta hupewa wake, kama wavuvi wanaogawana nyavu. Kugawa jamii moja kati ya mashine nyingi ndiko kugumu: mtu akihama au akipata mwenzi wa mashine ya pili, mashine lazima zipashane habari, na moja ikichelewa zote zinangoja.

Waliofika mbali kwa kugawana kazi hivyo ni watafiti wa malaria. Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki ilikuwa na mfano wake wa mtu mmoja mmoja, uliopimwa pia kwa takwimu za Idete na Namawala, Bonde la Kilombero. Kwa msaada wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, waliupeleka kwenye kompyuta za watu wa kujitolea, zifanye hesabu wenyewe wakiwa hawazitumii. Kwenye majaribio, kompyuta kama 500 zilimaliza katika miezi michache kazi ambayo moja ingeifanya kwa miaka 150. Mradi ulitangazwa Julai 2006 na kudumu hadi 2016, na kwa muda wote huo kompyuta za ugenini ziliendelea kuhesabu homa za mfano uliojifunza kutoka kwa watoto wachanga wa Idete.