Kura na Kodi katika Nchi ya Njombe

Wasomaji wetu, watu wengi wa Njombe na Makambako humchagua diwani wao kila baada ya miaka mitano, wala hawajui ya kuwa palikuwa na wakati ambapo wilaya zetu hazikuwa na diwani hata mmoja. Twataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana chanzo chake kilikuwa kodi.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, wala hawakumwuliza mtu. Waingereza nao wakatoza. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliweka sheria iliyowapa machifu baraza na hazina, na sehemu ya kodi ikabaki huko kulipa makarani na matarishi. Hata hivyo mlipaji hakupiga kura. Vijana wengi wa Ubena walikwenda mbali kukata mkonge ili wapate shilingi za kodi. Waliporudi walikuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

Machifu waliondolewa madarakani mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa zikashika shule za msingi, zahanati na njia. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mfuko. Kisha mwaka 1969 kodi ya halmashauri ilifutwa vijijini. Watu walishangilia, na nani asingeshangilia? Lakini halmashauri isiyo na fedha yake imekuwa kama karani tu, na mwaka 1972 zote za wilaya zilivunjwa. Kazi zao walipewa maofisa waliotumwa na Serikali, na jina la mpango huo, ajabu, lilikuwa Madaraka Mikoani.

Sheria ya kuzirudisha ilipitishwa mwaka 1982, nazo zikaanza tena mwaka 1984. Kodi ya kichwa nayo ikarudi, sasa ikiitwa kodi ya maendeleo. Walioikimbia porini mgambo walipopita wangali hai. Ilifutwa mwaka 2003, na safari hii halmashauri zikabaki. Ila sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Serikali Kuu, na fedha hizo huja na maagizo yake.

Kilichobaki mikononi mwa madiwani ni ushuru, na hapo ndipo Makambako ulipopata nguvu. Njia itokayo Songea kupitia Njombe yakutana pale na njia kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyomalizika mwaka 1975, yapita papo hapo. Viazi na mahindi hupakiwa, soko hujaa, ushuru hulipwa. Mji huo una halmashauri yake, mojawapo ya sita za Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012. Sheria ya mwaka 2018 yaagiza asilimia 10 ya mapato ya halmashauri yenyewe wakopeshwe wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba; kwa hiyo ushuru ukivuja, mkopo wa mjane wapungua.

Twaona basi si jambo dogo mgombea akipita bila kupingwa, kama ilivyokuwa mahali pengi nchini katika uchaguzi wa vijiji wa mwaka 2019, vyama vya upinzani vilipojitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa. Wenyeviti wengine walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Hao hupaswa kuitisha mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 aweza kusimama pale na kuuliza hesabu.