Sabuni ya Babu na Kopo Langu Lililogoma

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Nilikuwa Tanga kwa bibi, na huko nimeokota stori ambayo mhariri wangu hawezi kuipa nafasi gazetini. Basi naimwaga hapa.

Asubuhi ya pili kopo langu la povu la kunyolea liligoma. Nilibonyeza, likatoa mlio kama wa nyoka, kisha vikatiririka vimajimaji vyeupe. Kopo zito, krimu imo tele, na halikuwa na hata miezi sita. Kitako kilikuwa kimeshika kutu, maana nyumbani Sinza huwa naliacha sakafuni bafuni, kwenye maji. Bibi akaniona ndevu nusu nusu, akacheka, akaingia chumbani na kutoka na kijikopo cha bati chenye kifuniko. Ndani mna sabuni ngumu, imegeuka rangi ya siagi, ina shimo katikati pale brashi ilipokuwa ikizungushwa.

"Ya babu yako hiyo," akasema.

Babu alifariki 1996. Mimi sikumkuta. Bibi anasema aliipata miaka ya mwanzo ya 1980, enzi zile za foleni baada ya vita vya Kagera, wakati hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kugombania. Alipata tatu kwa mpigo, akazitumia kwa ubahili wa ajabu. Hii ndiyo iliyobaki.

Nilisita, sitaki kudanganya. Kitu cha zaidi ya miaka 40 unakipaka usoni? Nikaimwagia maji ya moto kidogo, nikasubiri, nikasugua kwa vidole (brashi iliishia kwa wadudu zamani). Povu likaumuka! Harufu ya manukato ilishakufa, imebaki ya sabuni tupu na ya kabati. Lakini ndevu zilinyoleka.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Siri yenyewe ni maji. Sabuni ngumu ikikauka, bakteria na ukungu hawana pa kuishi, tena ina ukali wa magadi usiowafaa. Itapoteza harufu, itapauka, na mafuta yake yanaweza kuchacha yakatoa madoa ya kahawia. Ila kuoza kama chakula, hapana. Krimu ni jambo jingine. Ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na hayakai milele. Ikipata joto hujitenga, ikipata hewa hukauka, ukichovya kidole kichafu umeingiza wageni. Ndiyo maana huwekewa dawa ya kuihifadhi.

Kwa hiyo krimu haikuweza kwenda mbali mpaka ipate chombo. Na chombo hicho hakikutoka kwa kinyozi. Mwaka 1841 mchoraji wa Marekani, John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, alibuni tyubu laini ya bati ili rangi zake zisikauke. Kabla ya hapo wachoraji walikuwa wakihifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe. Colgate wakaweka dawa ya meno kwenye tyubu mwaka 1896, na krimu za kunyolea zikafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1919 Frank Shields, aliyewahi kufundisha chuo cha MIT, akatoa Barbasol, krimu isiyohitaji brashi wala povu. Unapaka, unanyoa, umemaliza.

Hapa ndipo nilipomkumbuka babu. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikokuwa kukitoka sehemu kubwa ya bati la dunia. Serikali ya Marekani ikaamuru kwamba anayetaka tyubu mpya ya dawa ya meno au ya krimu ya kunyolea arudishe kwanza tyubu ya zamani. Hebu fikiria, nchi tajiri kama ile, mtu mzima anakwenda dukani ameshika tyubu iliyokamuliwa hadi ikakunjamana! Mwenye sabuni ngumu hakuhusika na amri hiyo.

Kopo la kubonyeza likaja baada ya vita. Rise, povu la kwanza la namna hiyo, liliingia sokoni Marekani mwaka 1949. Gesi iliyosukuma makopo ya enzi zile ilikuwa ya jamii ya CFC, ileile ambayo Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha mwaka 1974 kuwa inaweza kula tabaka la ozoni. Marekani ikaipiga marufuku kwenye makopo mengi mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal ukafuata 1987. Siku hizi wanatumia gesi kama butani na propani, jamaa wa gesi ya jikoni, zinazoshika moto. Ndiyo sababu ya onyo la nyuzi 50. Gari lililofungwa vioo juani hapa Dar linafika huko bila taabu, kwa hiyo wewe unayeacha kopo kwenye gari, acha mchezo.

Tangu 2005 vipodozi vingi vya Ulaya vina kichoro cha kikopo kilichofunuliwa na maandishi kama 12M, yaani miezi 12 baada ya kufungua. Kwenye kopo la gesi hutakikuta, kwa kuwa hewa ya nje haiingii. Krimu yangu pengine ilikuwa salama kabisa. Kilichotoroka ni gesi, na bila gesi ile ni sabuni ya maji niliyolipia bei ya povu.

Asubuhi ile nilipomaliza nilitaka kukifunga kijikopo. Bibi akanishika mkono. "Kiache wazi mpaka jioni, kikauke. Babu yako hakufunga sabuni mbichi." Nikakiweka dirishani kwenye kivuli. Kimebaki hukohuko Tanga, shimo la katikati limeongezeka kidogo.